Siku ya Mashuka

Chumba cha pasi, hospitalini
9 Februari

Wakili wangu,

Hujambo mwanangu. Sisi huku wazima, ukiondoa goti la baba yako ambalo limegoma tena. Mdomo wake haujagoma hata siku moja. Mama yako anauliza kama unakula chakula au bado unaishi kwa chai na magazeti. Uliponipigia Jumapili nilikujibu kwa mkato kwa sababu simu kwangu ni ya kuulizana mmeamkaje. Jambo lenye uzito nataka nilione kwenye karatasi. Hii anakuletea dereva wa ambulansi, ana mgonjwa wa kuleta huko kesho, kama matairi yatakubali.

Uliniuliza kama watu wa huku wamechoka kiasi cha kubadilisha serikali. Ngoja nikueleze ya jana, halafu ujijibu mwenyewe.

Jumanne Matroni aliingia chumba cha pasi, akafunga mlango. Nikajua. Alisema Waziri anakuja Alhamisi, ataonyeshwa wodi ya watoto, ile iliyopakwa rangi upande unaoonekana. Kwa hiyo mashuka ya wodi zote yakusanywe, yafuliwe, yapigwe pasi, yatandikwe kule. Sisi wafanyakazi tuna jina letu la siku hiyo, tunaiita siku ya mashuka, kana kwamba ni sikukuu. Kwa miaka thelathini na moja niliyofua hapa, hii ni ya nne.

Hospitali ina vitanda mia na ishirini. Mashuka ni sitini na matatu. Nayajua kama unavyojua vidole vyako, maana kila shuka nimelishonea uzi kwenye pindo kwa mkono wangu: mwekundu wodi ya wazazi, wa bluu wanaume, wa kijani watoto, wa njano upasuaji. Jana wodi ya watoto ilikuwa na uzi wa kila rangi. Kitanda kimoja mashuka mawili, kona zimekunjwa kama bahasha. Upande wa pili wa ukuta, watu waliopasuliwa walikuwa wamelala juu ya plastiki ya godoro. Kuna fundi viatu ameshonwa mgongoni. Walipomgeuza, ngozi ilibaki kwenye plastiki. Nilimsikia nikiwa nimeshika pasi.

Waziri alikaa dakika kumi na moja. Alipapasa shuka moja akasema, "Safi sana." Nilitamani kumwambia ainue pindo aone uzi wa njano, amuulize mwenye shuka yuko wapi. Sikusema. Nilisema, "Karibu tena, Mheshimiwa." Na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, mwanangu, kwamba nilisema karibu tena.

Basi, watu wamechoka. Lakini huyo mgombea wako unayemwandikia hotuba, zaidi ya kuvua miwani na kuvaa miwani, ana nini?

Shangazi yako


Ofisi ya kampeni, juu ya duka la vioo
2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula, mwambie mama. Mwambie baba goti alikande kwa maji ya moto, asilibishie kama anavyobishia redio. Mimi mzima kabisa, ila sauti imekauka na viatu vimeisha kisigino cha kushoto.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikampelekea Mgombea nikamsomea. Unamcheka kwa miwani yake. Siku hiyo aliivua, akaiweka mezani, chai ikapoa mbele yake. Halafu akasema, "Hii ndiyo nchi yetu. Iandike."

Nimeiandika, Shangazi. Jumamosi aliisema uwanjani mbele ya watu ambao sijui hesabu yao. Vitanda, mashuka, Waziri anayepapasa, fundi viatu nyuma ya ukuta, uzi kwenye pindo. Alipofika pale akasema, "Inueni pindo." Uwanja mzima ukaitikia. Juzi, mji mwingine kabisa, akina mama walikuja na mashuka kutoka majumbani mwao wakayapunga hewani. Mashuka, Shangazi, mengi mpaka jukwaa halikuonekana. Nimefanya kazi ya maneno miaka sita na sijawahi kuona maneno yakiinua watu namna ile.

Sikutaja jina lako wala mji. Najua ningekuomba ruhusa kwanza, ila barua ingechelewa na Jumamosi isingesubiri. Utanielewa. Safari hii tunashinda, na tukishinda siku ya mashuka haitakuwepo tena popote. Nakuapia.

Mwanao,
Wakili


Chumba cha kulowekea, hospitalini
11 Aprili

Wakili,

Salamu nimezipata. Goti linakandwa. Nimechelewa kujibu kwa sababu ambulansi ililala kwa fundi wiki tatu, na kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitaka kutoboa karatasi.

Nilikuwa kibarazani kwa baba yako, redio iko juu ya dirisha. Nikasikia huyo mtu wako anasema uzi wa njano. Baba yako akapiga goti lake bovu kwa furaha, akapiga kelele kwa maumivu, akaendelea kufurahi. Hukutaja jina wala mji, umetaja uzi. Mwanangu, duniani kote anayeshonea mashuka uzi wa njano kwa ajili ya upasuaji ni mimi, na mwingine anayejua ni Matroni. Umesoma mpaka chuo kikuu, umeshindwa kuona hilo?

Nimehamishwa chumba. Mengine tutaongea ukija.

Nimekasirika, na nataka ujue ni kwa nini, usije ukadhani ni kwa ajili ya Matroni. Hasira yangu ilikuwa yangu. Nilikupa wewe kwa sababu ni wewe. Ukaichukua, ukaivisha suti, ukampa mtu mwingine aisemee. Ulipokuwa mdogo nilikufundisha kusoma kwa maandishi ya pakiti za sabuni, na ulikuwa hugusi pakiti bila kuomba.

Sasa sikiliza na hili, maana siwezi kukuficha. Uwanja ulipoitikia, niliweka uso kwenye mikono nikalia mbele ya kaka yangu. Sikujua kama kuna watu wengi hivyo ambao wangejali. Nilidhani ni mimi na fundi viatu tu. Kwa hiyo nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki nataka ahadi, kwa mkono wako, si kwa mashine: mkishinda, cha kwanza ni mashuka. Barabara na viwanja vya ndege vitafuata.

Shangazi yako


Ofisi Kuu, ghorofa ya tatu
19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo na pole na foleni. Mama ameniambia mlisimama tangu alfajiri na baba akakataa kiti alichopewa.

Tumeshinda. Naandika neno hili taratibu ili nilione. Mheshimiwa ameapishwa, nami nina meza yangu, dirisha langu na zulia ambalo naogopa kulikanyaga. Kuna mama anayeleta chai saa nne na saa kumi, ananiita mkubwa. Siku ya kwanza nilitazama nyuma nimwone huyo mkubwa.

Ahadi uliyotaka ni hii, kwa mkono wangu: kabla ya mwaka kuisha, kila kitanda cha hospitali yenu kitakuwa na mashuka mawili. Mheshimiwa mwenyewe amesema. Yapo juu kabisa kwenye orodha.

Hukunieleza kwa nini ulihamishwa chumba.

Mwanao,
Wakili


Chumba cha kulowekea
14 Oktoba

Wakili wangu,

Hatujambo. Baba yako amebandika picha ya Mheshimiwa ukutani kwake, mama yako ameisogeza kidogo kwa sababu imeziba saa. Binti wa jirani amejifungua salama, wodi ya wazazi, juu ya gazeti.

Siku ya kura nitaisimulia mpaka nife. Mbele yangu alisimama fundi viatu, mgongo wake una kovu refu, na alipoiweka karatasi ndani ya sanduku alilipigapiga lile sanduku kama mtu anayemlaza mtoto. Nami nikaweka yangu. Sijawahi kuwa mtu wa matumaini, unanijua, mimi ni wa sabuni na maji. Lakini siku hiyo niliyabeba mpaka nyumbani na sikutaka mtu aniguse nikayamwaga.

Miezi miwili imepita. Mashuka ni sitini na moja sasa, mawili yamechanika mikononi mwangu. Nimesikia redioni mmeunda kamati ya kuchunguza mahitaji. Kamati ya nini? Nimekuandikia mahitaji tangu Februari, na mliyasoma uwanjani kwa kipaza sauti. Na yale mashuka waliyopunga akina mama, mbona hamkuwaomba wayaache hapo hapo? Yangetosha hospitali kumi.

Sijavunjika moyo. Nauliza tu. Uliza huko kwa niaba yangu, halafu unijibu.

Kuhusu chumba, kuna kazi kote. Huku nalowesha ya damu na ya wagonjwa wa kuambukiza. Dawa ya kulowekea inachubua mikono, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Usimwambie mama yako.

Shangazi


Chumba cha kulowekea
5 Desemba

Wakili,

Wote wazima. Sina jibu lako la barua ya Oktoba. Dereva anasema aliikabidhi mapokezi na akasainiwa.

Mwaka una siku ishirini na sita zimebaki. Mashuka ni sitini.

Shangazi


Ofisi Kuu
Idara ya Hotuba na Uratibu wa Ziara
16 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Samahani kwa kuchapa na kwa karatasi ya ofisi, nimebanwa na kazi.

Mheshimiwa atazuru hospitali yenu Jumamosi, tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi, pamoja na waandishi wa habari. Wodi itakayotembelewa ni ya upasuaji. Kwa kuwa zabuni ya mashuka mapya bado inashughulikiwa, inapendekezwa kwamba mashuka yaliyopo katika wodi nyingine yahamishiwe wodi hiyo kwa muda wa ziara, na yarejeshwe baada ya msafara kuondoka. Matroni atapewa maelekezo kwa simu. Wewe kwa uzoefu wako unaombwa kusimamia usafi na utandikaji.

(Kwa kalamu, chini ya muhuri:) Shangazi, najua utakavyosoma. Nisikilize. Ni siku moja. Kamera zikionyesha magodoro matupu, wale wa zamani watatucheka na tutapoteza nguvu ya kufanya hata hicho kidogo. Wale walikuwa wanaficha ili wasifanye. Sisi tunaficha mpaka tufanye. Ni tofauti. Nisaidie mara hii moja. W.


Chumba cha kulowekea
24 Januari

Wakili,

Barua imefika. Baba yako ameambiwa Mheshimiwa anakuja, ananyoosha shati tangu Jumatatu.

Siku hiyo nitafanya kazi yangu.

Shangazi


Ofisi Kuu
12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kutoa na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza pale pale.

Umenifanyia nini? Niliwaambia watu hapa kwamba kila kitu kiko tayari. Niliwahakikishia. Tunaingia wodi ya upasuaji, magodoro matupu. Mheshimiwa anauliza wodi ya jirani, tunakwenda, magodoro matupu. Ya tatu, vilevile. Kisha mpiga picha mmoja anafungua dirisha, na huko nyuma mashuka yote ya hospitali yapo kwenye kamba, yanachuruzika maji, saa nne na robo asubuhi, siku ya ziara. Kuna mtu aliyacheka. Sikugeuka kuona ni nani.

Na hukumshinda, kama hilo ndilo ulilotaka. Alizikabili kamera, akavua miwani, akasema, "Ndugu zangu, haya ndiyo tuliyorithi." Watu wakapiga makofi, wafanyakazi wenzako wakiwa mbele. Magazeti yote yamelibeba neno hilo. Ameondoka pale mkubwa kuliko alivyoingia. Aliyetoka mdogo ni mimi.

Utaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Nimeiona nakala, ni tarehe 6 Machi. Umebakiza miezi tisa ustaafu, Shangazi, kwa nini ujitie kitanzi? Waambie ulichanganya siku. Wewe ni mtu mzima, watakuelewa. Mimi nitazungumza na watu chini kwa chini. Ila tafadhali usiseme pale kwamba mimi ni mtoto wenu. Nitakusaidia vizuri zaidi wasipojua.

Wakili


Chumba cha kulowekea
20 Februari

Wakili,

Baba na mama yako ni wazima wa mwili. Baba yako haongei, na wewe unajua hilo kwake ni ugonjwa. Ameiondoa picha, saa inaonekana.

Umeuliza nimekufanyia nini. Nitakueleza yote, kisha nitakueleza na lile ambalo wewe hukuliandika.

Jumatano Matroni alituita, akasema amepigiwa simu na Ofisi Kuu, mashuka yote yaende upasuaji. Nesi wa wodi ya wanaume akauliza, "Si tulichagua hawa ili mambo haya yaishe?" Matroni akamjibu, "Wewe toa mashuka." Yakatolewa. Na mashuka yote ya hospitali hii, kabla hayajaenda popote, yanapita kwenye mapipa yangu, kwa sababu mwaka jana nilitolewa chumba cha pasi nikatupwa kwenye mapipa. Ulitaka kujua kwa nini nilihamishwa. Ni kwa uzi wa njano. Nimeficha mwaka mzima ili usione vibaya. Sasa ona vibaya.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niliyalowesha yote, hata yaliyokuwa yamepigwa pasi. Kwanza nilizunguka wodi zote nikawaambia wagonjwa: leo nafua, yatakauka saa nane, kwa saa hizo tutalala sawasawa, hakuna wodi itakayovuliwa ili nyingine ivishwe. Mzee mmoja alisema ni sawa ila nifue vizuri. Wenye vidonda niliwatandikia vitenge vyangu na vya mama yako. Ndiyo, mama yako alivitoa mwenyewe sandukuni. Mlivipita mkadhani ni vya wagonjwa.

Basi Mheshimiwa akaona hospitali ilivyo, bila kupambwa. Nilidhani akiona ataona haya. Nilidhani atamgeukia mtu wa zabuni na kumuuliza. Huo ulikuwa ujinga wangu, nakubali. Badala yake akasema tuliyorithi, na mimi nikasimama pale na aproni yangu yenye maji nikiwatazama wenzangu wakipiga makofi. Mmerithi kutoka kwa nani, na lini? Miezi sita mmekaa kwenye zulia. Mtu akihamia nyumba inayovuja, mwezi wa kwanza anaweza kumlaumu aliyetoka. Mwezi wa sita akiloa ni kwa sababu hakupanda juu ya paa. Yale maneno yako, kwamba wale walificha ili wasifanye na ninyi mnaficha mpaka mfanye, nimeyageuza kila upande nikitafuta tofauti. Nenda kamweleze mtu ambaye ngozi yake imebaki kwenye plastiki. Akikuelewa, uje unifundishe na mimi.

Sasa lile ambalo halimo kwenye kurasa zako mbili.

Mheshimiwa aliuliza, "Dobi wa hapa ni nani?" Nikainua mkono. Akanitazama, akakugeukia wewe, akasema, "Huyu mama mnamfahamu?" Nawe ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ukatazama karatasi zako ukasema, "Hapana, Mheshimiwa. Ni mfanyakazi tu wa hapa."

Nimelea watu, nimezika watu, nimefua damu ya watu nisiowajua miaka thelathini na miwili. Sijawahi kuumizwa na kitu kama ile "tu". Kama ungesema hunijui ukaishia hapo, ningesema ni hofu, na hofu haina adabu. Lakini uliongeza. Ulinifahamu vizuri maneno yangu yalipokuwa yanajaza uwanja.

Siwezi kuwaambia nilichanganya siku. Sikuchanganya.

Kwenye kikao watauliza nani aliagiza mashuka yakusanywe. Matroni amekwisha kusema hakupokea simu yoyote, kwamba dobi alijitia wazimu kumwaibisha Mheshimiwa. Simu haina ushahidi. Karatasi pekee nchini inayosema ukweli ni ile uliyonichapia mimi, yenye muhuri na kalamu yako chini yake. Mazoea ya ofisi, mwanangu, yamekufanya upige muhuri hata barua ya shangazi yako.

Nimeiweka humu ndani ya bahasha hii. Nakurudishia, na sina nakala. Nikiitoa mimi, nitaokoa kazi yangu na nitakuwa nimemchongea mtoto niliyemlea, na hilo sitalifanya, si kwa ajili yako bali kwa ajili ya baba yako. Lakini unaweza kuitoa wewe. Kikao ni Alhamisi tarehe 6 Machi, saa nne, chumba cha mikutano, kile chenye feni isiyozunguka. Ukitaka ichome. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Shangazi


Chumba cha kulowekea
3 Aprili

Wakili,

Hatujambo. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Dereva amesema huko Ofisi Kuu walimwambia hakuna mtu wa jina lako, ila yule mama wa chai akamfuata nje akamwelekeza chumba ulichopanga, akakukuta humo. Amesema pia kwamba huna simu, kwamba ilikuwa ya ofisi. Kumbe ndiyo sababu nikikupigia hupatikani.

Nikusimulie kikao, maana hukuwepo. Nilivaa gauni la bluu. Waliketi watano, Matroni pembeni na daftari lake. Nilitazama mlango mpaka saa nne na nusu, nikaacha. Mwenyekiti akauliza nina ushahidi gani kwamba niliagizwa. Nikasema, sina. Akauliza nina la kuongeza. Nikasema mashuka yalikuwa machafu na mimi ni dobi. Alikuwa anafunga faili pale dereva wa ambulansi alipoingia na kofia mkononi, amechelewa kwa pancha, akaweka bahasha mezani.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, yote, na yale ya kalamu chini ya muhuri, kisha akafika kwenye mistari mipya ambayo mimi sikuwa nimeiona: "Barua hii niliiandika mimi. Dobi ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Maneno ya mashuka yalikuwa yake tangu mwanzo, nami nilimkana mbele ya watu." Na jina lako kamili, lile ambalo hatulitumii nyumbani tunapokuita Wakili. Matroni aliomba maji ya kunywa.

Nimebakishwa kazini. Wameniachia onyo kwenye faili kwa kufua bila kibali. Naomba ulisome tena hilo, kwa sababu mimi bado linanichekesha na kunichefua kwa wakati mmoja.

Mashuka hayajaja. Ni hamsini na tisa. Usidhani kuna kitu kimebadilika huko juu. Lakini wiki iliyopita tulitangaziwa Naibu Waziri anakuja, na Matroni akaanza kupita wodini na kapu. Nesi wa wanaume aliyarundika mashuka ya vitanda vyake vyote kwenye kiti kimoja, akalikalia rundo, akaendelea kuandika ripoti yake. Wodi ya wazazi walifunga mlango. Upasuaji, wagonjwa wenyewe waliyashika mashuka kwa mikono miwili. Matroni alizunguka hospitali nzima akarudi na kapu tupu, lisilo na hata foronya. Naibu Waziri akaja, akaona nani ana shuka na nani hana, hakukuwa na la kupapasa, akaondoka bila hotuba. Sikuagiza mtu yeyote. Nilikuwa kwenye mapipa yangu na sikujua mpaka walipokuja kunisimulia.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba umeua matumaini yangu. Nimesikia ndivyo ulivyomwambia dereva. Hukunipa wewe, hata uweze kuyaua. Uchaguzi mwingine nitasimama foleni tena, nikiwa nimestaafu, na nitawatazama usoni wote watakaokuja kuomba. Hasira hii yote unayoisoma ni kwa sababu bado natarajia. Asiyetarajia kitu hakasiriki, anasema tu karibu tena.

Sasa wewe. Ulituma karatasi badala ya kuja. Ni woga. Ulijua itakufukuzisha kazi ukaituma. Si woga. Nimeshindwa kuyaunganisha hayo mawili, nimeacha. Ile "tu" bado iko palepale, naamka nayo kila siku, na sitaki unitumie barua nzuri ya kuifuta. Barua nzuri unajua kuziandika.

Dereva anarudi huku Jumamosi na ambulansi haina mgonjwa. Nimemwomba akupitie. Baba yako anajua, na amesogeza kiti kimoja zaidi mezani.

Sijakusamehe. Kitanda chako nimekitandika.

Shangazi yako